Ushuru Ulioandikwa Mbali: Sondu na Mikataba ya Biashara Tangu 1833

Anayetoka Kisumu kwa barabara ya Kisii hupita Ahero penye mashamba ya mpunga, akakata tambarare ya Nyakach, ndipo akafika Sondu. Hapo hukutana na barabara ya Kapsoit inayoteremka kutoka Kericho, kwenye chai. Upande mmoja wa mji ni Nyakach, Kaunti ya Kisumu; upande wa pili ni Soin-Sigowet, Kaunti ya Kericho; ng'ambo ya mto ni Rachuonyo, Kaunti ya Homa Bay. Soko la Sondu ni kongwe kuliko mipaka hiyo yote. Kabla ya rupia kuingia Nyanza, Waluo walileta hapa vyungu na samaki waliokaushwa, Wakipsigis wakaleta wimbi, mifugo na ngozi, na biashara hiyo ilishikwa zaidi na wanawake. Mara nyingi bei ya chungu ilikuwa nafaka iliyokijaza. Waliosimama pale sokoni ndio waliokubaliana nani atoe nini.

Leo bidhaa nyingi zilizopangwa pale juu ya turubai zina bei ambayo sehemu yake ilikatwa mahali pengine: mchele, sukari, shati la mtumba, sufuria. Sehemu hiyo ni ushuru wa forodha. Na ushuru wa forodha, tangu ulipoanza kutugusa watu wa ziwani, haukuwa jambo la serikali moja kujiamulia peke yake. Mara nyingi sheria ilikuja nyuma, mbele yake umetangulia mkataba na mgeni.

Mkataba wa kwanza wenye uzito ulitiwa sahihi Muscat tarehe 21 Septemba 1833, kati ya Seyyid Said bin Sultan na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Kifungu kimoja kilisema kwamba meli za Kimarekani zikiteremsha shehena katika bandari za Sultani, Zanzibar ikiwemo, zitalipa ushuru usiozidi asilimia 5, basi. Waingereza walipata masharti ya namna hiyo mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Biashara ilikuja kweli. Nguo za pamba zilizofumwa Massachusetts zilimiminika Zanzibar, na kutoka huko zikaingia bara kwa misafara. Lakini Sultani alikuwa amejifunga. Forodha yake, aliyoikodisha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji kwa malipo ya kila mwaka, haikuweza tena kupandisha ushuru wa shehena za wageni hao hata hazina ilipopungukiwa. Kilichobaki cha kutozwa kilikuwa mali ya bara, hasa pembe za ndovu, kwa viwango vilivyotofautiana kulingana na mahali zilikotoka. Mfanyabiashara wa Salem, Marekani, alikingwa na karatasi. Mnyamwezi mwenye pembe hakuwa na karatasi.

Nusu karne baadaye jambo hilohilo likafanywa kwa kipimo cha bara zima. Mkutano wa Berlin, uliomalizika Februari 1885, ulitangaza bonde la Kongo kuwa eneo la biashara huria, kisha ukalinyoosha eneo hilo upande wa mashariki hadi Bahari ya Hindi, kutoka digrii 5 kaskazini ya ikweta mpaka mlango wa mto Zambezi. Kwa hiyo mtu wa pwani ya Ziwa Nyanza, ambaye maji ya ziwa lake yanakwenda Nile, alijikuta kisheria yumo ndani ya bonde la Kongo. Jiografia hiyo ni ya uongo, ila sheria ya forodha haijali mito inaelekea wapi. Mwaka 1890, katika Mkutano wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa, mataifa yaliruhusu serikali za eneo hilo kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo, mradi usizidi asilimia 10, pombe kali ikiwekewa utaratibu wake. Sharti la pili ndilo lililodumu: bidhaa za taifa lolote zitozwe sawa na za taifa jingine. Mwingereza alipotwaa Uganda na Afrika Mashariki, alitwaa pamoja na kamba hizo.

Reli ilifika ufukweni mwa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Wakati huo sehemu hii ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka 1902 ikahamishiwa himaya jirani, ile iliyokuja kuwa Kenya. Ushuru ulikusanywa Mombasa, nguo zikapandishwa kwenye behewa, zikashushwa Kisumu katika maduka ya Wahindi. Mfanyabiashara mashuhuri Allidina Visram alikuwa na tawi hapo. Kutoka Kisumu, wachuuzi walizisambaza vijijini. Wakati huohuo serikali ilianza kudai kodi ya nyumba kwa rupia, na ili kuipata rupia ilibidi mtu auze ng'ombe, ufuta, pamba au jasho lake. Ndivyo mwenyeji wa Nyakach ambaye hajawahi kuiona bahari alivyoanza kulipa ushuru wa Mombasa, ukiwa umefichwa ndani ya bei ya shuka. Hakuna karani aliyemwandikia risiti ya ushuru huo.

Kuanzia 1917 Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao, na katika miaka ya 1920 Tanganyika ikaingizwa hatua kwa hatua. Bidhaa ikishalipiwa Mombasa, ilivuka ziwa kwa meli kwenda Port Bell au Mwanza bila kulipiwa tena. Kwa Kisumu ulikuwa wakati wa neema, maana mji wote ulikuwa gati na ghala. Lakini muungano huo ulikuwa na mwenyewe. Walowezi wa Kenya walitaka ngano yao, siagi yao, mbao zao na sukari yao zilindwe. Kamati ya Bowring ya 1922 iliwapa walichotaka: ushuru mzito juu ya bidhaa hizo zikitoka nje, na nauli nafuu ya reli kwa mazao ya ndani. Watu wa Uganda na Tanganyika walilalamika kwamba wananunua unga na siagi kwa bei ya juu ili mlowezi wa Bonde la Ufa apate faida, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Kiwanda cha sukari cha Miwani, kwenye tambarare ya Kano, kilizaliwa katika miaka hiyohiyo.

Mtu atauliza: ushuru huo wa walowezi uliwezekanaje, ikiwa mikataba ya Kongo iliweka dari ya asilimia 10? Jibu liko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Baada ya Vita Vikuu, tarehe 10 Septemba 1919, washindi walitia sahihi mkataba mpya uliofuta dari ile lakini ukabakiza sharti la usawa. Serikali ya Nairobi sasa iliweza kuweka kiwango chochote, bora kiwe kimoja kwa wote waliotia sahihi. Miongoni mwao ilikuwa Japani.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vya Japani vilianza kuleta Afrika Mashariki nguo za pamba za bei ya chini sana. Mdororo wa dunia ulipoanza, bei za pamba, ngozi na mahindi zikaanguka, na mwananchi akawa na senti chache za kununulia nguo. Mapema miaka ya 1930 Japani iliipita Uingereza katika soko la nguo la Afrika Mashariki. Watengenezaji wa nguo wa Lancashire, Uingereza, wakapiga kelele. Mwaka 1932, huko Ottawa, Uingereza na nchi za himaya yake zilikubaliana kupeana nafuu ya ushuru zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1934 London ikaamuru makoloni yaweke viwango vya juu kabisa vya nguo za Japani zinazoruhusiwa kuingia. Amri hiyo ilitekelezwa kwingine, lakini Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuguswa. Mkataba wa 1919 ulikataza kumbagua mtia sahihi mmoja kwa faida ya mwingine, na Uingereza yenyewe ilikuwa imeweka sahihi yake pale.

Tulizoea kuambiwa kwamba mikataba ya Ulaya juu ya Afrika ilikuwa hasara tupu kwa Mwafrika. Kwa jumla ni kweli, na Berlin haina cha kutetewa. Lakini katika jambo hili moja, karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Ulaya ilimzuia mkoloni asimuuzie Mluo na Mkipsigis shuka ya Lancashire kwa bei ya kulazimisha. Aliyevaa fulana ya Japani mwaka 1934 alivaa matunda ya kifungu cha sheria ambacho hakuna aliyemsomea. Na pamba yenyewe ilizunguka: sehemu ya pamba ya Uganda ilinunuliwa na Wajapani na ikarudi ikiwa kitambaa. Mlipa kodi wa Nyanza alipata nguo nafuu, na papo hapo serikali haikuwa na sababu yoyote ya kutaka kiwanda cha nguo kijengwe Kisumu. Faida na hasara ziliingia kwa mlango mmoja.

Uhuru ulipokuja, Kenya ilijiunga na mkataba wa jumla wa ushuru na biashara, GATT, Februari 1964. Ndani ya Afrika Mashariki, wakuu wa nchi tatu walijaribu kurekebisha ule uonevu wa zamani wa viwanda kurundikana Kenya. Mkataba wa Juni 1967 uliounda Jumuiya ya Afrika Mashariki uliziruhusu Uganda na Tanzania kutoza kodi maalumu juu ya baadhi ya bidhaa za viwanda kutoka Kenya. Haukutosha. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na meli za ziwani zikagawanywa. Bandari ya Kisumu ilisinyaa. Ni aibu ambayo sioni haja ya kuirefusha hapa. Wazee wa Kisumu waliokuwa makuli gatini wanaijua vizuri kuliko mimi.

Katika miaka hiyohiyo Kenya ilijenga viwanda nyuma ya ukuta wa ushuru na leseni. Kisumu ilipata KICOMI, kiwanda cha nguo, na mashamba ya pamba ya Nyanza yakapata mnunuzi wa karibu. Tambarare ya Kano ilipata viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil. Ukuta huo ulibomolewa kwa shinikizo la wakopeshaji kuanzia miaka ya 1980, na mwaka 1993 leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa. Mitumba ikaingia kwa wingi. KICOMI ilifungwa katika miaka ya 1990. Sitasema mitumba peke yake ndiyo iliyoiua. Palikuwa na madeni, usimamizi mbovu, umeme ghali na pamba iliyokosa mbegu nzuri. Lakini mashine iliyokwishachoka haiwezi kushindana na shati ambalo mwenyewe wa kwanza alilitoa bure.

Mitumba ilitufundisha pia kwamba mkataba unaweza kutawala ushuru hata pale usipoutaja. Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo za nchi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. AGOA ni sheria ya Marekani peke yake: wameitunga wao, na wao huamua nani anufaike na nani aondolewe. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, na ushuru wake ukapandishwa kutoka dola 0.20 hadi 0.40 kwa kilo. Rwanda ilikwenda mbali zaidi, hadi dola 2.50. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko serikalini kwao, kikidai nchi hizi zimevunja masharti ya AGOA. Kenya, yenye maelfu ya washonaji katika viwanda vya kuuza Marekani, ilirudi nyuma mapema. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 ikaondolewa nafuu ya AGOA kwa nguo zake. Mama anayefungua robota la mitumba Sondu alinufaika na uamuzi wa Nairobi kurudi nyuma, na fundi cherehani wa jirani yake akaumia. Wote wawili hawakuulizwa.

Sheria inayotawala ushuru wetu sasa haikutungwa Nairobi peke yake. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa sahihi Machi 2004 ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2005, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004. Bidhaa kutoka nje ya Jumuiya ziliwekwa katika ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Ngazi ya nne, ya asilimia 35, iliongezwa Julai 2022. Juu ya ngazi hizo ipo orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru mzito zaidi: mahindi asilimia 50, maziwa 60, mchele 75, sukari 100. Hiyo mia ya sukari nayo ina historia. Shirika la Biashara Duniani lilipoanza mwaka 1995, Kenya iliahidi kwamba ushuru wake juu ya mazao ya kilimo hautazidi asilimia 100. Sukari, basi, imegusa dari.

Sheria hiyo inayoonekana imara ina mlango wa nyuma. Kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni, mawaziri wa fedha wa nchi za Jumuiya hukutana, na kila nchi huomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja. Ruhusa hizo huchapishwa katika gazeti rasmi la Jumuiya. Kurasa zake ni nyingi, lugha yake ni Kiingereza cha mawakala wa forodha, na tarakimu zake ndizo zinazoamua mkulima wa Ahero atauza mpunga kwa shilingi ngapi.

Mchele ndio mfano ulio karibu zaidi na Sondu. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kenya tangu mwanzo wa Umoja wa Forodha imekuwa ikiomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 35 tu, au dola 200 kwa tani, vilevile kile kilicho kikubwa. Chukua tani ya mchele ya thamani ya dola 500 ifikapo Mombasa. Asilimia 35 yake ni dola 175, lakini kiwango cha chini ni 200, kwa hiyo mwagizaji atalipa 200. Tani hiyohiyo ikishuka Dar es Salaam kwa kiwango cha pamoja ingelipiwa dola 375. Tofauti ya dola 175 kwa tani ndiyo nafasi ambayo mkulima wa Ahero na West Kano ananyimwa, na ambayo mlaji wa mjini anapewa.

Kwa nini Kenya ikajinyima hivyo? Sababu moja ni tumbo: Kenya hailimi mchele wa kuitosha. Sababu nyingine, inayotajwa kila mjadala huu unapozuka, ni chai. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya. Katika miaka ya karibuni imechukua zaidi ya theluthi moja ya chai tunayouza nje. Pakistan pia ni muuzaji mkubwa wa mchele. Ukiupiga mchele wake asilimia 75, yeye ana chai yako mkononi ya kulipizia. Kwa hiyo kila Juni Nairobi hupima kikombe cha Karachi dhidi ya sahani ya Ahero, na kila Juni kikombe kimeshinda.

Hapa ndipo Sondu ina neno la kusema kuliko mji mwingine wowote ninaoujua. Chai inatoka upande wa Kericho na mpunga upande wa Kano, na vyote viwili vinajulikana vizuri pale penye makutano ya barabara. Mchuma chai na mlima mpunga wananunua sukari duka moja. Ukimwambia mkulima wa Ahero kwamba ushuru wake umepunguzwa ili jirani yake wa Kericho auze majani, usishangae akikuuliza: na jirani yangu amenilipa nini? Hakuna utaratibu wa kumlipa. Mkataba hugawa hasara na faida kwa watu tofauti, na sheria yetu haijaweka daraja la kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Fidia hiyo ingeweza kuwa mifereji iliyokarabatiwa, pampu zisizokatiwa umeme, mashine za kukoboa. Badala yake, skimu ya Ahero, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960, imewahi kulala miaka mizima bila maji kwa ajili ya bili ya umeme.

Julai 2025 serikali ilikwenda mbele zaidi: ilitangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele ziingie bila ushuru wowote hadi mwisho wa mwaka. Watetezi wa wakulima walikwenda Mahakama Kuu ya Kerugoya, karibu na Mwea, wakidai kwamba wakulima hawakushirikishwa. Mahakama ilisimamisha tangazo hilo kwanza, baadaye ikaruhusu kiasi kilichopunguzwa. Naona hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana. Ushuru wa forodha, uliokuwa tangu 1833 jambo la wajumbe na makonsuli, sasa uliamuliwa mbele ya jaji kwa ombi la watu wa shambani.

Sukari ina kisa chake. Kenya iliingia katika eneo huru la biashara la COMESA, soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Oktoba 2000, na mara sukari ya majirani ikawa na haki ya kuingia bila ushuru. Viwanda vya ukanda wa Nyando vilikuwa tayari hoi. Miwani ilifungwa mwaka 2001. Kuanzia 2002 Kenya iliomba kinga, ikapewa: kiasi fulani tu cha sukari ya COMESA kiingie bure, na kinachozidi kilipiwe. Kinga hiyo ilikusudiwa kuwa ya muda mfupi, viwanda vijipange. Iliongezwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 20, na nyongeza iliyotolewa mwaka 2023 ilikuwa ya miaka miwili, hadi Novemba 2025. Wakulima wa miwa wa Soin na Muhoroni waliambiwa kinga ni yao. Lakini mwaka 2017, mwaka wa ukame na wa uchaguzi, serikali yenyewe ilitoa tangazo la kuruhusu sukari iingie bila ushuru, na karibu tani milioni moja zikaingia. Ukuta ambao mwenyewe anaufungua usiku hauwezi kulaumiwa kwa kubomoka. Viwanda vya serikali vya Muhoroni, Chemelil, Sony na Nzoia vilikodishwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 2025.

Mikataba mipya inaendelea kuja. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 ukaanza kazi 1 Julai 2024. Kenya inauza Ulaya bila ushuru, na inafungua soko lake kwa Ulaya polepole kwa muda wa hadi miaka 25. Msukumo wake unakumbukwa: kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Desemba 2014 Ulaya iliitoza Kenya ushuru kwa sababu mkataba ulikuwa umechelewa, wakati majirani zetu wa Jumuiya, kwa kuwa wanahesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, hawakuguswa. Sasa tuna ushuru wa pamoja na majirani hao, na pia ahadi kwa Ulaya ambayo wao hawakuitoa. Forodha za Busia na Malaba, mpakani na Uganda, zitakuwa na kazi ya kuuliza kila shehena imetoka wapi hasa. Marekani nayo, Aprili 2025, iliweka ushuru wa asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya bila kuuliza mtu.

Nirudi kwenye ushuru mdogo, ule ambao Sondu inaujua kwa majina ya watozaji wake. Tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, Kisumu na Kericho zimegombania mapato ya soko hili, kila moja ikidai mji au sehemu yake ni yake. Mfanyabiashara huweza kudaiwa ushuru na watu wa upande huu na wa ule. Ugomvi huo ni miongoni mwa mambo yaliyochochea uhasama. Mwaka 2023 damu ilimwagika mpakani, nyumba zikachomwa, soko likafungwa. Inasikitisha kwamba vyungu na wimbi vilibadilishwa hapa kwa karne kadhaa bila mpaka, na leo hii mpaka wa ndani ya nchi moja umekuwa mkali kuliko wa Busia. Katiba ya 2010 ilikwisha kulitazama jambo hili. Ibara ya 209 inasema serikali ya taifa peke yake ndiyo inayotoza ushuru wa forodha, na kwamba kodi za kaunti zisidhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti wala usafirishaji wa bidhaa nchini. Maneno hayo yanafanana sana na yale ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki. Kericho na Kisumu zinahitaji umoja wao mdogo: mtozaji mmoja, risiti moja, mapato yagawanywe.

Ombi langu kwa vyama vya wakulima wa Ahero, Nyakach, Soin na Sigowet, na kwa wawakilishi wa wadi wa pande zote mbili, ni hili. Orodha ya viwango huamuliwa kabla ya Juni, na ikishachapishwa imekwisha. Katiba inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya, na inadai wananchi washirikishwe. Basi pelekeni maoni Hazina ya Taifa mapema, kwa maandishi, kwa pamoja, mkitaja bidhaa na kiwango mnachotaka: mchele, sukari, samaki, mitumba. Daini kwamba nafuu inayotolewa kwa ajili ya chai iambatane na fungu la fedha kwa ajili ya mpunga, liandikwe kwenye bajeti ileile. Na daini viwango hivyo vitangazwe kwa Kiswahili, Kijaluo na Kikipsigis, vibandikwe sokoni Sondu.